Msimu Niliposhika Usukani

Jumamosi, 7 Septemba

Mume wangu amenikabidhi daftari hili na kusema, "Ukiwa na la kulalamika, andika. Masikio yangu yamejaa." Basi naandika.

Nasaga lenzi za miwani huu mwaka wa ishirini na mbili, nimeinama juu ya mashine kwenye chumba cha hatua nne kwa tano, na mgongo umenigomea. Daktari kasema nitafute zoezi la kuvuta, si la kuruka. Mume wangu anatengeneza lifti na anajuana na watu wa kila jengo la mji huu, akaniambia keshaniandikisha kwenye klabu ya makasia pale mtoni. "Watu wazuri," alisema. "Hawashindani na mtu. Wanapiga makasia, wanakunywa chai, wanarudi kwao."

Hakusema kwamba dada yake yumo.

Nimefika gatini saa moja asubuhi nimevaa raba za mwanangu, na mtu wa kwanza kumwona, ameketi kwenye mashua, kasia mkononi, mgongo umenyooka kama rula ya ubaoni, ni wifi. Miaka mitano hatujasemezana. Tangu siku ya tatu ya msiba wa mama mkwe, aliposimama sebuleni kwangu mbele ya ndugu na majirani akasema, "Mama angekuwa hai leo, kama aliyekaa naye angemfikisha hospitali mapema." Aliyekaa naye ni mimi. Nilimwogesha na kumlisha miezi kumi na minne. Tangu siku hiyo tukikutana sokoni mmoja wetu hugeuka kukagua vitunguu.

Mshika usukani wa klabu, ambaye ni kinyozi na wote humwita Kinyozi, akanipima kwa macho toka kichwani hadi kwenye raba. "Ubao mmoja unataka watu wa uzito mmoja," akasema, akimwonyesha wifi. "Wewe na Mwalimu mnalingana kabisa. Kaa pale."

Nikakaa. Wifi akasogea kidole kimoja.

Nimerudi nyumbani nikamkuta mume wangu amefungua pasi ambayo haijaharibika, kainamia skrubu. Hakuinua kichwa.

Jumamosi, 14 Septemba

Malengelenge manne, mawili kila mkono. Kilomita tatu. Wifi hajasema neno, nami sijasema neno.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimeanza kuwajua watu. Mashua za klabu ni tatu, zote za mbao, za mtindo wa zamani uliotumika kuvusha mizigo kabla daraja halijajengwa. Mbili ni nyembamba. Ya tatu ni yetu, inaitwa Kobe: pana, nzito, tumbo limejaa kama la mtu aliyetoka harusini. Tuko sita wa kuvuta, wawili wawili kwenye mbao tatu. Mbele kuna mapacha wanaouza maua, hucheka kwa zamu. Nyuma wako Seremala, ambaye ndiye anayeiziba Kobe kila inapovuja, na Nesi wa zahanati ya sokoni. Katikati ni mimi na wifi, na kimya chetu.

Sisi sita tunakaa tumeelekea tulikotoka. Tuendako anapaona mshika usukani peke yake, anayesimama nyuma kabisa. "Kwa hiyo mnaniamini mpende msipende," Kinyozi hupenda kusema. Ana masharubu yaliyochongwa kwa kipimo na sauti ya mnadani. Miaka ishirini ameshika usukani huo. Mapacha wamenibandika jina: Mama Miwani.

Jumamosi, 28 Septemba

Mvua ya kwanza. Tumelowa kama vitambaa vya deki na hakuna aliyetaka kurudi.

Jumamosi, 5 Oktoba

Leo tumegonga nguzo ya gati la zamani, mchana kweupe, maji yametulia. Seremala aliruka kutoka kwenye ubao wake. Kinyozi akapiga kelele kuilaumu nguzo kwa kusimama njiani, sote tukacheka. Mimi nilicheka pia, ila nilikuwa nimemwona akigeuza kichwa kabla hatujagonga. Wateja wangu hufanya hivyo hivyo: hugeuza kichwa pembeni kama kuku, wautafute upande wa jicho ambao bado unafanya kazi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mgongo umekaza. Nilidhani nitarudishwa nyumbani, lakini Kinyozi akasema, "Asiyeweza kuvuta anaweza kusimama. Njoo nyuma hapa."

Akaniwekea mpini wa usukani mkononi. Ni gogo zito kuliko nilivyodhani, linatetemeka kama kitu chenye moyo. Alinifundisha jambo moja: usielekeze mashua unakotaka kufika. Elekeza juu zaidi, kule mto unakotoka, uuachie mkondo kazi ya kukushusha. "Mto ni mteja mbishi," alisema. "Usimlazimishe kugeuza kichwa. Mwache ageuze mwenyewe, wewe uwe tayari na mkasi."

Nimetumia maisha yangu kupima kwa macho vitu vidogo kuliko unywele. Leo nimepima mto, nikaigeuza Kobe mwisho wa safari ikaingia gatini bila kugusa kitu. Mapacha wakashangilia. Wifi alinitazama, kwani kwa namna tulivyokaa hakuwa na pengine pa kutazama. Sikuona chuki. Niliona mwalimu aliyeshtushwa na mwanafunzi wa nyuma darasani.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimeshika usukani tena, kwenda na kurudi. Mvua kila siku wiki nzima.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimetoka kazini mapema nikaenda kibandani kwa Kinyozi. Viti viwili, kioo chenye ufa, redio, harufu ya poda. Nilingoja hadi mteja alipoondoka, nikafunga mlango.

"Kaka," nikasema, "jicho lako la kulia halioni."

Alikuwa anafuta wembe. Akaendelea kufuta.

"Nimeona utando, na hata la kushoto limeanza," nikasema. "Ni mtoto wa jicho. Unaondolewa asubuhi, jioni uko nyumbani."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi tu."

"Unajua mtu akisikia kinyozi haoni, atafanya nini? Atashika shingo yake na kutoka mbio." Alicheka, akauweka wembe chini. "Nikinyoa nakaa karibu, naona. Na mto ule ninaujua kama kiganja changu. Niachie msimu huu uishe, Mama Miwani. Nitaenda."

Nilimkubalia. Sijui kama nimefanya vizuri.

Jumamosi, 26 Oktoba

Maji yamepanda hadi ngazi ya tatu ya gati. Yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, na yanapita na vitu: matawi, ndoo, mlango mzima wenye kitasa. Hatukutoka. Tulikunywa chai chini ya paa la bati na kupiga kelele ili tusikilizane.

Ijumaa, 1 Novemba

Daraja limefungwa. Saa nane mchana nguzo ya kati iliinama, na wahandisi wakaweka vizuizi pande zote mbili. Barabara ya kuzunguka nayo iko chini ya maji. Ng'ambo ni kama nchi nyingine sasa.

Mume wangu ameingia jioni, kavua viatu, kakaa bila kuwasha taa. "Dada amenipigia simu," akasema. "Analia."

Sijawahi kumwona wifi akilia, hata msibani. Nikauliza kuna nini.

Wifi anafundisha ng'ambo, kwenye shule ndogo ya msingi ambayo yeye huvuka daraja kuifikia kila siku. Darasa lake la mwisho lina watahiniwa thelathini na wanane. Mtihani wao wa kumaliza shule unaanza Jumanne, siku tatu, na kituo cha mtihani kiko upande huu, kwenye shule kubwa nyuma ya soko. Asiyefika kabla ya saa mbili na nusu asubuhi haingii. Asiyeingia anarudia mwaka, au, mara nyingi zaidi, anabaki nyumbani. Wifi amezunguka ofisi zote leo. Boti za uokoaji zote ziko kusini, zinatoa watu juu ya mapaa. Amejibiwa kwa upole kila mahali.

"Wengine wao hawatapewa mwaka wa pili," mume wangu akasema. "Unajua ilivyo."

Najua.

Jumamosi, 2 Novemba

Klabu nzima imekutana. Wifi alisimama akaeleza kama anavyofundisha, hoja kwa hoja, kisha sauti ikamkatika akakaa.

Kisha Nesi akasema, "Mashua nyembamba zitapinduka na abiria." Seremala akasema, "Kobe haipinduki. Nimeijua miaka kumi na mitano. Ukiiweka juu ya kichuguu itakaa." Wakaanza kupiga hesabu: watoto kumi kwa safari, safari nne asubuhi, nne alasiri. Majaketi ya kuokolea tunayo ya kutosha. Mashua moja nyembamba ikae chini zaidi mtoni ikiwa na kamba, endapo mtu ataanguka. Mzazi asiyetaka, mtoto wake hapandi.

Kinyozi akapiga makofi mawili. "Basi. Kesho tunafanya mazoezi na mifuko ya mchanga."

Kila mtu akamtazama kwa furaha. Mimi nikatazama vidole vyangu.

Jumapili, 3 Novemba

Naandika kabla sijabadilisha nguo zilizolowa.

Tulitoka saa nne na mifuko kumi ya mchanga, Kinyozi nyuma, mimi nikivuta kando ya wifi. Mto umepanuka nusu tena ya upana wake. Miti aliyoitumia kama alama miaka ishirini imezama. Alituelekeza ng'ambo kwa kumbukumbu, na kumbukumbu yake ikatupitisha gati la ng'ambo kwa hatua mia. Tulirudi juu tukivuta hadi pacha mmoja akatapika. Wakati wa kurudi akapita gati letu pia. Watu wa mashua nyembamba wakaturushia kamba.

"Mkondo," Kinyozi akasema tulipofika. "Kesho nitaupatia."

Wote wakaitikia. Nikasimama. Miguu ilikuwa imelowa na meno yanagongana. Nikasema, "Kaka, naomba unisamehe. Nilikuahidi kunyamaza, lakini wale watakuwa watoto." Kisha nikawaambia: haoni. Si mkondo. Haoni.

Kelele zilizofuata sitaki kuziandika zote. Seremala alikuwa mkali kuliko wote. "Mama Miwani, una wiki nane hapa. Huyu bwana ametuvusha miaka ishirini. Unamvunjia heshima mbele ya watu?"

Nikajua nimeshindwa, kwa kuwa nani wa kuniunga mkono?

Wifi akainuka. Sketi yake ilikuwa inachuruzika maji.

"Huyu ni wifi yangu," akasema. "Sijasema naye miaka mitano, kwa hiyo asiwepo wa kusema nampendelea. Mama yangu alipoanza kupoteza macho, sisi watoto wake watatu hatukugundua. Tulikuja, tukala, tukaondoka. Aliyegundua ni yeye, kwa kumtazama mama akitafuta kijiko. Akisema mtu haoni, haoni. Na watoto hao ni wangu."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Kinyozi akavua kofia yake, akaikamua taratibu.

"Jicho la kulia ni moshi mtupu tangu mwaka jana," akasema. "La kushoto linafuata. Leo nimewaelekeza kwenye ng'ambo ambayo haipo tena." Akaja mbele yangu. "Nilitaka uniachie msimu mmoja. Nilikosea kukuomba. Shika wewe. Mimi nitakaa gatini nipokee kamba."

Nikasema, "Kaka, mimi nimeshika mara mbili tu."

"Mara mbili nimekutazama. Macho yaliyobaki yalitosha kuona hilo."

Jumatatu, 4 Novemba

Sikwenda kazini. Nimevuka mara kumi na moja na mifuko ya mchanga, Mhasibu, mmoja wa watu wa mashua nyembamba, akivuta mahali pangu. Mara tatu za kwanza nilipita gati. Nane zilizobaki nilifika. Mume wangu alileta chai gatini, akasimama na birika akitutazama mimi na dada yake kwenye mashua moja, hadi chai ikapoa.

Jumanne, 5 Novemba

Mtihani, siku ya kwanza.

Saa kumi na mbili alfajiri tulikuwa ng'ambo. Thelathini na wanane wote wamejipanga matopeni, sare zimepigwa pasi, viatu wameshika mkononi, kalamu wamezifunga kwenye mifuko ya nailoni. Nyuma yao wazazi wao. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amemzuia mtoto wake. Hilo lilinitisha kuliko mto.

Kumi wa kwanza wakapanda, wakakaa chini sakafuni kati ya mbao. Tulipoachia kamba, mkondo ukaishika Kobe na kuitikisa, na msichana mmoja mwembamba akaanza kulia, kisha wawili, kisha wote. Mapacha wakapoteza mwendo. Makasia yakagongana.

Wifi hakuacha kuvuta. Kwa sauti ileile ya darasani akasema, "Jedwali la saba. Wote. Saba mara moja!"

"Saba!" wakajibu, kwa mazoea tu.

"Saba mara mbili!"

"Kumi na nne!"

Na makasia yakaanza kufuata. Swali, tunainua, jibu, tunavuta. Saba mara nne, ishirini na nane, vuta. Nilisimama nyuma nikiwa nimeelekeza omo, ile pua ya mashua, juu kabisa, kama nilivyofundishwa, na tukashuka taratibu hadi mbele ya gati letu tukiwa kwenye saba mara kumi na mbili kwa mara ya tano. Kinyozi akadaka kamba kwa kuisikia ikianguka.

Safari nne. Wa mwisho aliingia chumba cha mtihani saa mbili kasoro dakika kumi. Alasiri tukawarudisha. Siwezi kufunga ngumi.

Jumatano, 6 Novemba

Usiku mzima ilinyesha kule juu mtoni. Asubuhi maji yalikuwa yamekula ngazi nyingine.

Safari ya kwanza salama. Ya pili tulikuwa katikati, watoto kumi ndani, jedwali la nane, nilipoliona gogo. Mti mzima, mizizi juu, unazunguka. Ulikuwa unakuja kutoka kushoto kwangu, na wale sita hawakuwa na habari, maana migongo yao ndiyo iliyoelekea mbele. Ni mimi tu niliyeona. Nilihesabu: tukiendelea, tutakutana nao. Tukisimama, tutashushwa pamoja nao. Ilibaki kugeuka kuutazama uso kwa uso.

"Kushoto rudisheni!" nikapiga kelele. "Kulia vuteni! Vuteni!"

Sauti ile sikujua ninayo. Hakuna aliyeuliza kwa nini, hakuna aliyegeuka kutazama. Hata Seremala. Kobe ikageuka kwa uvivu wake wote, polepole, polepole, huku nikiegemea mpini kwa mwili mzima, hadi omo ikaelekea juu ya mto. Gogo likapita kulia kwetu, karibu kiasi kwamba mizizi ilinimwagia tope usoni. "Ingizeni makasia!" nikasema, lakini kwa wifi nilichelewa. Kasia lake likanaswa, likavunjika kwa mlio kama wa bunduki, na kipande kikaenda na mti.

Wifi akakitazama kipande kilichobaki mkononi, akakitupa, akapokea kasia la akiba kutoka kwa Mhasibu. Akalitia majini.

"Nane mara sita?" akasema.

Sekunde moja. Kisha kumi wote, kwa sauti iliyofika ng'ambo zote mbili:

"Arobaini na nane!"

Tulipofika gatini na watoto wakakimbilia shuleni, nikakaa kwenye ngazi. Wifi akaja akakaa kando yangu, uzito kwa uzito. Mkono wake ulikuwa umechubuka hadi kwenye kiwiko.

"Nilijua," akasema. "Siku ile sebuleni kwako, nilijua si kweli. Mama alikuwa ameniita mara tatu nije nimwone. Nikamwambia nasahihisha mitihani. Akafa kabla sijamaliza. Nilitafuta wa kumbebesha, nikakupata wewe umesimama na sinia la vikombe."

Miaka mitano nimetunga majibu ya siku hiyo. Nilikuwa nayo mengine mazuri sana, ya kumkata mtu vipande.

"Nisamehe, wifi," akasema.

"Kamua sketi yako, wifi," nikamwambia. "Tuna safari mbili bado."

Tukainuka tumeshikana. Nilianza kulia nilipokuwa tayari nimeshika usukani, ambako ilionekana ni maji ya mto tu.

Alhamisi, 7 Novemba

Siku ya mwisho, na mto ulikuwa umetulia kidogo. Nikashukuru mapema mno. Tulivuka kwenda ng'ambo kweupe, tukapakia kumi wa kwanza, na nilipoinua kichwa, upande wa mji haukuwepo. Ukungu. Ulishuka juu ya maji kama shuka jeupe. Sikuona omo ya mashua niliyosimama ndani yake.

Tulingoja. Saa moja kasoro robo. Saa moja kasoro dakika tano. Wifi alitazama saa yake mara moja tu, kisha akaivua na kuitia mfukoni.

Macho yangu, ambayo nilikuwa nimeanza kuyajivunia, yalikuwa hayana kazi. Ndipo nikasikia, kutoka ndani ya ule weupe, mbali, sauti ya mnadani:

"Anayefuata! Kiti kiko waziii! Anayefuata!"

Kinyozi. Alikuwa amesimama mwisho wa gati, anaita kama anavyoita wateja siku ya sokoni. Akapumzika kidogo, akaita tena, palepale, sauti ileile. Pacha mmoja akacheka.

"Wifi, unamsikia?" nikauliza.

"Hata wafu wanamsikia."

"Basi jedwali liwe la kunong'ona leo. Nahitaji masikio."

Tukaachia kamba. Watoto walinong'ona jedwali la tisa, makasia yakaingia majini kwa adabu, nami nikafumba macho, kwa kuwa yalikuwa yananichanganya tu. Sauti ikihamia sikio la kushoto, nilijua mkondo unatushusha, nikainua omo. Ikirudi katikati, nikaachia. Katikati ya mto nilisikia pia mpishi wa shule ng'ambo akianza kupiga sufuria nyuma yetu, bila kuambiwa na mtu, ili tujue pa kurudi. Tulivuka hivyo, kati ya sufuria na kinyozi.

Gati lilitokea ghafla, hatua tatu mbele, na Kinyozi juu yake, masharubu yamelowa, sauti imekauka. "Karibuni," akasema. "Nani anaanza?"

Safari nne, zote kwa masikio. Wanane wa mwisho walishuka saa mbili na dakika kumi na sita. Wifi akawatangulia mbio, sketi ameikusanya mkononi, mwalimu mzima wa miaka hamsini na mmoja, na sisi tukabaki gatini tumeshikilia makasia, tukisubiri. Saa mbili na nusu likasikika lango la chuma la shule likifungwa. Kisha wifi akatokea kwenye kona ya soko, anatembea polepole, ameinua mikono yote miwili juu.

Thelathini na wanane.

Seremala alilia kama mtu aliyefiwa. Akanishika mabega akataka kusema kitu kuhusu Jumapili, nikamwambia aache, akasema tu, "Mshika usukani wangu." Mapacha walirukia majini na nguo zao. Kinyozi hakuweza kutoa sauti, akapiga makofi, na watu wa sokoni, ambao sikuwa nimewaona wakikusanyika, wakapokea. Makofi yakaenda hadi kwenye vibanda vya samaki na kurudi.

Alasiri tulipowarudisha kwao, jua lilikuwa limetoka. Safari ya mwisho watoto hawakutaka jedwali. Waliimba, bila mpangilio, kila mmoja wimbo wake. Sijawahi kusikia kelele nzuri kama ile.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimelala saa kumi na tatu mfululizo.

Jumanne, 12 Novemba

Wifi amekuja nyumbani. Alibisha hodi, yeye ambaye zamani aliingia tu na kufunua masufuria. Mume wangu alifungua mlango, akatutazama, akaenda chumbani kutafuta kitu ambacho hakijulikani, akarudi macho mekundu bila kitu mkononi. Tumeongea habari za mama saa tatu nzima. Tumecheka zaidi ya tulivyolia.

Kinyozi amepangiwa upasuaji wiki ijayo. Nitamsindikiza mimi. Wateja wake wote wamejua, na hakuna hata mmoja aliyeshika shingo yake.

Jumamosi, 16 Novemba

Leo nilidhani tutapiga makasia kidogo, tunywe chai, turudi kwetu. Nilipofika gatini sikupata pa kupita.

Maji yalikuwa yamepungua, na mashua nyembamba zilikuwa zimewaleta, wachache wachache, tangu alfajiri: wazazi wa ng'ambo. Mama wa yule msichana mwembamba ndiye aliyetangulizwa kusema. Mkubwa wa umbo, muuza mkaa, viganja kama makoleo.

"Daraja litachukua mwaka," akasema. "Tumeona mlivyofanya. Sisi hatutaki kuvushwa mwaka mzima. Tunataka kufundishwa."

Nilihesabu arobaini na tatu, wengi wao wanawake ambao hawajawahi kugusa kasia. Seremala akakuna kichwa, akaanza kusema habari za mbao mpya na mashua ya nne. Nesi akaanza kuwauliza nani anajua kuogelea. Wifi hakungoja mjadala. Akapiga makofi ya shuleni, akawapanga mistari sita kwa uzito, akimwambia mtu mzima na mvi zake, "Wewe, mstari unyooke," na mvi zikanyooka.

Sita wa kwanza wakapanda Kobe. Mama muuza mkaa alikalia ubao wa kati, mahali pangu, akashika kasia kwa nguvu za kuua nyoka. Nikapanda nyuma. Wifi akakaa omoni kuwaangalia mikono.

Mwanzoni tulizunguka. Mara tatu, mahali pamoja, makasia yakirushiana maji, wanawake wakipigana vikumbo na kucheka hadi wakashindwa kukaa, na gatini watu wakicheka kuliko wao. Niliacha kicheko kiishe chenyewe. Kisha nikawaambia wapumue. Nikawaambia watazame mgongo wa aliye mbele yao, si mto, kwani kutazama mto ni kazi yangu.

"Haya, mama zangu," nikasema. "Wote kwa pamoja. Inua."

Makasia sita yakapanda. Hayakuwa sawa, lakini yalipanda.

"Vuta!"

Na wakavuta. Kobe ikashtuka, ikaacha kuzunguka, ikaanza kwenda. Nikainua omo juu ya mkondo, na wanawake wa ng'ambo wakajivusha wenyewe hadi kwao.